Boila za Mwisho wa Mkanda

Kiwanda changu katika Factorio kilizimika robo saa baada ya kufungulia bomba la mafuta ghafi. Hakuna mdudu aliyeshambulia, hakuna waya uliokatika, na mgodi wa makaa ulikuwa bado na akiba ya kutosha saa nyingi. Taa zilififia, mashine zikapunguza mwendo, kisha kila kitu kikasimama isipokuwa mikanda, ambayo katika mchezo huu haihitaji umeme, ikaendelea kuzunguka mitupu. Nililifungua tena faili la kabla ya ajali, nikanakili, nikalirudia mara kadhaa huku nikihesabu makaa kipande kwa kipande. Nilitaka jibu la swali moja: makaa yasipotosha wote, nani hupewa kwanza, na ni wapi palipoandikwa kwamba apewe yeye?

Kwa asiyeucheza, Factorio ni mchezo wa studio ya Wube Software ya Prague, uliofikia toleo 1.0 Agosti 2020 na toleo 2.0 Oktoba 2024. Unachimba madini, unayeyusha, unaunda vifaa, na unavisafirisha kwa mikanda. Lakini mkanda hauwezi kuingiza kitu ndani ya mashine. Kazi hiyo hufanywa na mashine ndogo inayookota kitu upande mmoja, inageuka, na kukiweka upande wa pili. Hapa nitaiita mkono. Mkono wa kawaida huhamisha takriban vipande 0.83 kwa sekunde kutoka sanduku hadi sanduku, mkono wa kasi 2.31, na mkono wa makaa, ambao hauli umeme bali huchoma kuni au makaa na kujichukulia mafuta yake kwenye mzigo unaoubeba, chini ya ule wa kawaida. Mkono hauna habari ya kiwanda kizima. Huuliza mambo mawili tu: je, mbele yangu kuna kitu kinachofaa, na je, mashine niliyopewa kuihudumia bado inakipokea? Hauulizi mwingine aliye mbele zaidi atabaki na nini.

Mpangilio

Mgodi uko kaskazini. Nilikuwa na mashine 22 za umeme za kuchimba, kila moja ikitoa nusu kipande kwa sekunde, jumla vipande 11. Zote zilimwaga kwenye mkanda mmoja wa manjano, ambao ukijaa vizuri hubeba vipande 15 kwa sekunde. Mkanda ulishuka kusini, na kwanza ulipita kwenye tanuri 96 za mawe, nusu za chuma na nusu za shaba. Tanuri moja hutumia kilowati 90 na kipande cha makaa kina megajuli 4, kwa hiyo kipande kimoja humalizika kwa sekunde 44 hivi. Tanuri zote 96 zikiwaka pamoja hula vipande 2.16 kwa sekunde, ambavyo ni vichache kuliko wengi wanavyodhani wakiziona zimejipanga safu nzima. Baada ya tanuri ilifuata mashine moja ya kuunda guruneti, nayo ilikula 0.94 kwa sekunde, kwani guruneti moja humeza makaa 10. Mwisho kabisa, ufukoni mwa ziwa, zilikuwepo boila 16, zinazochoma makaa kuchemsha maji, na injini za mvuke 32 zinazogeuza mvuke huo kuwa umeme wa kiwanda, zenye uwezo wa megawati 28.8 zikitumika zote. Boila moja ikiwaka kwa nguvu zake zote hula vipande 0.45 kwa sekunde.

Boila zilikuwa mwisho kwa sababu ziwa lilikuwa mwisho. Sikuwa na sababu nyingine. Nilipozijenga kulikuwa na tanuri kumi tu njiani, na mkanda ulikuwa umejaa makaa kiasi kwamba suala la nani aanze halikuwepo.

Kabla ya mafuta kiwanda kilitaka umeme wa megawati 20, yaani makaa 5 kwa sekunde. Ukijumlisha tanuri na guruneti, mahitaji yote yalikuwa 8.1. Mgodi uliweza 11. Mkanda ulijaa kuanzia ziwani hadi mgodini, mashine za kuchimba zikawa zinasimama kila baada ya muda kwa kukosa pa kumwaga, na mimi nikaacha kuutazama.

Kisha nikataka plastiki. Mtambo mmoja wa kemikali huchukua kipande kimoja cha makaa na gesi ya petroli 20, na kwa sekunde moja hutoa vipande viwili vya plastiki. Nilijenga mitambo mitatu kati ya guruneti na boila, miraba 120 kabla ya kufika ziwani. Kwa kuwa mkono wa kawaida haufikishi kipande kimoja kwa sekunde, niliipa mikono ya kasi. Gesi 60 kwa sekunde ilihitaji mitambo saba ya kusafisha mafuta, kwani kwa njia ya kwanza ya usafishaji kila mmoja hutoa 9.

Makaa niliyaunganisha kabla ya mafuta, na utaratibu huo ulinipotosha sana. Mikono ya kasi iliijaza mitambo ikafika kikomo, kisha ikasimama, kila mmoja umeshika makaa yake ukisubiri. Mkanda ukajaa tena. Nikakaa nikiangalia kwa dakika kadhaa, nikaona boila hazijapungukiwa na chochote, nikaamini kwamba mitambo hiyo mitatu haina madhara kwa umeme. Kumbe ilikuwa haijaanza kula. Siku mbili za mchezo baadaye nikamaliza bomba la mafuta, gesi ikafika, nikaondoka kwenda kujenga ukuta upande wa pili wa ramani.

Kuzimika

Robo saa ilipita kimya. Halafu nikaona bunduki za leza ukutani zimepoteza mwanga. Nilipobofya nguzo ya umeme, kipimo cha utoshelevu kilionyesha chini kidogo ya nusu, na kilikuwa kinashuka mbele ya macho yangu. Nilipofika ziwani kilikuwa kimeshaisha.

Nilifanya kile ambacho kila mchezaji hufanya: nilibeba makaa kwa mikono yangu mwenyewe nikajaza boila zote 16, vipande 50 kila moja, jumla 800. Kiwanda kikaamka kwa kishindo. Haikufika hata dakika tano kikazimika tena.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa boila hazitoshi, kwa kuwa mitambo ya mafuta iliongeza mzigo. Dhana hiyo haikusimama nilipohesabu. Mitambo saba ya kusafisha mafuta ni megawati 2.94, mitambo mitatu ya kemikali 0.63, na mashine za kuchimba zilizoacha kupumzika zikaongeza kama nusu megawati. Mzigo ulifika megawati 24. Uwezo ulikuwa 28.8. Kuongeza boila kungekuwa kama kuongeza midomo kwenye sinia lile lile.

Dhana ya pili ilikuwa kwamba mikono ya boila imelegea. Hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi zaidi kuhusu kuzimika kwa namna hii: umeme ukipungua, mikono ya umeme hugeuka polepole, boila hupata makaa kidogo, umeme hupungua zaidi, na mduara unajikaza. Dawa inayopendekezwa ni kuweka mikono ya makaa kwenye boila. Nilijaribu hilo kwenye nakala ya faili. Kiwanda kilizimika vile vile, kikiwa kimechelewa kidogo tu. Mikono ya makaa ilikuwa na nguvu zake zote, imenyoosha vidole juu ya mkanda, na mkanda hauna kitu.

Hapo ndipo nilipoacha kuitazama mikono ya boila nikaanza kuitazama mikono iliyo kabla yake.

Hesabu ya pengo

Baada ya mafuta, mahitaji yalikuwa haya: tanuri 2.16, guruneti 0.94, plastiki 3, na boila 6 kwa mzigo wa megawati 24. Jumla 12.1. Mgodi ulitoa 11. Pengo ni vipande 1.1 kwa sekunde, chini ya moja ya kumi ya mahitaji yote. Ukimwambia mtu kwamba upungufu wa asilimia 9 umezima kiwanda kizima hatakubali, na mimi sikukubali mpaka nilipofuata pengo hilo lilikoangukia.

Halikugawanywa. Tanuri hazikupoteza chochote. Guruneti halikupoteza chochote. Plastiki haikupoteza chochote. Pengo lote la 1.1 liliangukia boila, kwa sababu tu ndizo zilizosimama mwisho. Kati ya 6 walizohitaji zilipata 4.9, sawa na megawati 19.6, yaani asilimia 82 ya mzigo.

Hata hivyo hazikupungukiwa mara moja. Mkanda uliojaa huwa na vipande 8 katika kila mraba. Miraba 120 kati ya plastiki na ziwa ilikuwa ghala la vipande 960 ambalo sikujua kwamba ninalo. Ghala hilo likitolewa 1.1 kwa sekunde linakwisha baada ya sekunde 870 hivi, ambazo ni dakika kumi na nne na nusu. Hiyo ndiyo robo saa yangu ya ukimya. Na nilipojaza boila kwa mkono, ghala la mkandani halikuwepo tena, ndiyo maana uhai wa pili ulikuwa mfupi sana. Tofauti kati ya dakika kumi na nne na zile zisizofika tano ilinipa fununu ya kwanza kwamba ugonjwa ulianza zamani kuliko dalili zake. Ukiona umeme umeshuka, kosa lilishatendeka muda mrefu uliopita na mahali pengine, na kwa kawaida mchezaji hutafuta kosa kwenye kitu alichojenga dakika mbili zilizopita. Mimi nilikuwa nimebomoa kipande cha ukuta mpya nikidhani leza ndizo zilizoleta balaa.

Ghala lilipokwisha ndipo mteremko ulipoanza. Umeme ulipofika asilimia 82, mashine za kuchimba nazo zilishuka kwa kiwango hicho, kwa kuwa ni za umeme: 11 ikawa 9. Mitambo ya kemikali na mashine ya guruneti zilishuka pia. Lakini tanuri za mawe hazichomi umeme. Ziliendelea kula 2.16 zile zile kutoka kwenye kapu lililokuwa linapungua, na mikono inayozilisha ina nafasi kubwa ya kulegea kabla ya kushindwa, kwani tanuri moja huhitaji kipande kimoja cha makaa katika sekunde 44. Nikikadiria, makaa yaliyofika boila katika awamu iliyofuata yalikuwa kama 3.6, ambayo ni asilimia 60 ya mzigo. Awamu ya tatu, kama 2.1, asilimia 35. Awamu ya nne, 0.3, asilimia 5. Baada ya hapo hakuna. Kila awamu ni muda wa makaa kusafiri kutoka mgodini hadi ziwani. Kuanzia asilimia 54 kwenda chini, mikono ya kawaida ya boila nayo ilianza kushindwa, kwa sababu 0.83 ikipunguzwa kiasi hicho hufika 0.45, kiwango ambacho boila moja huhitaji ikiwa imebanwa. Kwa hiyo ule mduara wa mikono kulegea upo kweli. Ila ulikuja mwishoni, kiwanda kikiwa tayari kinaporomoka.

Je, ni kasi ya mkono?

Tunasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na nadhani wachezaji wengi huichukulia mikono hivyo: aliye na mkono wa kasi atapata zaidi. Niliona niipime. Kwenye nakala ya faili nikawapa boila mikono ya kasi, yenye uwezo karibu mara tatu wa ile ya awali. Matokeo hayakubadilika hata kidogo. Nyama ilikuwa imeshaliwa kabla ya kufika mezani pao.

Kasi ina uzito pale mikono miwili inapochota mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwa mfano sanduku moja lenye mikono pande zake nne. Wa kasi atarudi mara nyingi zaidi na sehemu yake itakuwa kubwa. Kwenye mkanda hali ni nyingine, kwa sababu kitu hupita mbele ya mmoja kabla ya kupita mbele ya mwingine. Aliye juu ya mkondo huangalia kwanza. Aliye chini huangalia mabaki.

Ila aliye juu hana haki isiyo na mipaka, na hapa ndipo jambo linapopendeza. Mkono wa juu ukiwa umegeuka kupeleka mzigo, vitu hupita nyuma yake bila kuguswa. Hauwezi kuchukua zaidi ya kasi yake hata mashine yake ikiwa na njaa ya kutisha. Nilipobadilisha mikono ya kasi ya plastiki nikaweka ya kawaida, mitambo mitatu ikashuka kutoka makaa 3 hadi kama 2.5 kwa sekunde, pengo likapungua hadi 0.6 hivi, na kuzimika kukasogea kutoka robo saa hadi karibu nusu saa. Haikuwa tiba. Lakini ilinionyesha kwamba kwa mtu wa mwisho wa mkanda, kasi muhimu ni ile ya mikono iliyo juu yake. Ukitaka kumlinda, mpunguzie aliye mbele, usimwongezee yeye. Mkono wa polepole juu ya mkondo ni bomba lililobanwa koki.

Kizuizi kingine cha aliye juu ni kikomo cha kujaza. Mikono haimwagi vitu ndani ya mashine bila mwisho. Bunduki ya kawaida ya ulinzi hupokea magazini 10 kutoka kwa mkono, kisha mkono husimama, ingawa wewe mwenyewe unaweza kuweka nyingi zaidi. Tanuri na boila hupewa akiba ndogo ya makaa, na mitambo ya kuunda hupewa viungo vya kutosha mizunguko michache tu. Kwa hiyo aliye juu hushika nafasi ya kwanza mpaka ashibe, kisha huwa kama hayupo. Bila kikomo hicho hakuna kiwanda kingewezekana kwenye mkanda mmoja, kwani mashine ya kwanza ingemeza kila kitu milele. Na ni kikomo hicho hicho kilichonidanganya siku ile: mitambo ya kemikali isiyo na gesi ilikuwa imeshiba, na iliyoshiba haionekani kwenye hesabu.

Kwa hiyo ukiniuliza ni wapi palipoandikwa kwamba plastiki ipewe kabla ya umeme, jibu ni kwamba hapakuandikwa popote kwenye mikono. Hakuna mkono wenye cheo. Hata umeme wenyewe unapopungua haubagui mikono ya boila na mikono ya plastiki, yote hulegea kwa kiwango kimoja. Cheo kiliandikwa na njia niliyoipitishia mkanda, na niliipitisha hivyo kwa sababu ya ziwa. Nilikuwa nimeweka uamuzi mzito kuliko yote ya kiwanda mikononi mwa ufuko wa maji, na sikujua kwamba nimeamua.

Urekebishaji

Jambo rahisi lilikuwa kuongeza mashine za kuchimba, na nitafika huko. Sikutaka kuanza nalo. Kuongeza mgodi huziba pengo la leo na kuacha foleni ile ile. Siku nikijenga mitambo mingine mitatu, boila zitakuwa za kwanza kufa tena, na nitapewa tena robo saa ya ukimya.

Nilianza na foleni. Mkanda ukitoka mgodini tu, niliweka kigawanyi, kifaa kinachogawa mkanda mmoja kuwa miwili. Kwa kawaida kigawanyi hutoa nusu kwa nusu, na nusu kwa nusu isingenisaidia: 5.5 kila upande, boila zikibaki na upungufu. Lakini tangu matoleo ya 0.16, kigawanyi katika Factorio kinaweza kupewa upande wa kutangulizwa. Upande huo hupata kila kitu mpaka mkanda wake ujae na kurudi nyuma, na ndipo ziada huenda upande wa pili. Zamani watu walifanya hivyo kwa kuchomeka mkanda mmoja ubavuni mwa mwingine, kwani mkanda unaokwenda moja kwa moja hutangulia ule unaoingilia pembeni. Upande wa kutangulizwa nikaupeleka ziwani kwa mkanda wake wenyewe. Ulikuwa mrefu, na ilinibidi kuzunguka tanuri zote. Upande wa pili ukabaki na njia ya zamani: tanuri, guruneti, plastiki, na hapo unaishia.

Kuna uzuri katika kutumia kigawanyi badala ya kuhamisha tu boila mbele ya foleni. Boila hazichukui zaidi ya zinachochoma. Mzigo ukiwa mdogo, mkanda wao hujaa, na makaa yote yaliyobaki hurudi kwa wengine bila mimi kugusa kitu. Cheo cha juu hakigharimu kitu wakati kuna vya kutosha.

Hatua ya pili ilihusu mashine za kuchimba, na hii naona husahauliwa hata na wanaojua kulinda boila. Makaa hulisha umeme, na umeme huchimba makaa. Mduara huo ulikuwepo hata kabla ya plastiki, ulikuwa umelala tu. Nilichukua boila mbili za kwanza kwenye mkanda mpya, zenye injini nne, nikazikata kutoka kwenye gridi kubwa, nikavuta nguzo zao peke yao hadi mgodini. Mashine 22 za kuchimba hutaka megawati 1.98, hivyo boila moja ya megawati 1.8 isingetosha. Boila mbili hutoa 3.6. Nilichagua mbili za kwanza kwa makusudi: hata kwenye mkanda wa boila wenyewe kuna foleni, na mgodi lazima uwe kichwani. Mikono inayozilisha boila hizo nayo imo kwenye gridi ndogo. Sasa gridi kubwa ikianguka kabisa, mgodi unaendelea kuchimba kwa nguvu zote, na makaa yanaendelea kuteremka ziwani.

Niliwaza pia kutumia waya za ishara: kusoma kiasi cha makaa kwenye mkanda wa boila na kuizuia mikono ya plastiki kiwango kikishuka. Inawezekana, na kwa kiwanda kilichokwisha kujengwa ambacho huwezi kupitisha mkanda mpya, ningefanya hivyo bila kusita. Lakini waya ni sheria unayolazimika kuikumbuka. Mkanda unaouona kwa macho husomeka hata baada ya miezi.

Baada ya hatua hizo mbili, bila kuongeza hata mashine moja ya kuchimba, niliacha kiwanda kiendelee na pengo lake lile lile la 1.1. Boila kubwa na ndogo kwa pamoja zilichukua 6. Zilibaki 5. Tanuri zikachukua 2.16, guruneti 0.94, na plastiki ikabaki na 1.9 badala ya 3. Umeme ulisimama kwenye asilimia 100 kwa saa nzima niliyoangalia. Upungufu haukuondoka, ulihama. Mtambo wa kwanza wa kemikali ulifanya kazi wakati wote, wa pili ulikatika katika, wa tatu ulikaa tu. Foleni ndogo ndani ya foleni, kwa utaratibu ule ule.

Ndipo nikaongeza mashine nane za kuchimba, mkanda ukafika 15, na plastiki ikapata yote iliyotaka.

Michezo mingine ya namna hii hupanga mambo kwa njia zake, na kisa hiki kingekuwa na sura tofauti huko. Katika Satisfactory ya Coffee Stain hakuna mikono, mkanda huingia moja kwa moja mwilini mwa mashine, na umeme ukizidiwa fyuzi hukatika papo hapo kwa gridi nzima. Usingepata mteremko wa awamu nne, ungepata giza la ghafla. Lakini mashine zikipangwa kwenye mkanda mmoja mrefu, za kwanza hujaa kwanza na za mwisho husubiri, na kigawanyi cha kawaida kinachogawa sawa kwa sawa hakijui kipi ni boila na kipi ni mapambo. Katika Dyson Sphere Program mikono ipo, na vigawanyi vyake hupewa upande wa kutangulizwa kama nilivyofanya hapa. Nadhani wabunifu wote hawa walikutana na swali lile lile, na wote walimwachia mchezaji kulijibu kwa kuchora njia.

Kazi ya mwisho niliyoifanya ilikuwa ndogo. Kwenye mraba wa mwisho wa mkanda wa zamani, mbele ya mtambo wa tatu wa kemikali, nilifunga waya hadi kwenye spika, nikaiagiza ilie makaa yakikosekana hapo. Zamani upungufu ulijitokeza ziwani, ukiwa umechelewa. Sasa hujitokeza kwenye plastiki, ambako ninaweza kuuvumilia. Spika imeshalia mara mbili tangu wakati huo, ya kwanza nilipoongeza tanuri nyingine 48, ya pili kona moja ya mgodi ilipokwisha. Mara zote mbili nilikwenda ziwani kwanza, na mkanda wa boila ulikuwa umejaa hadi nyuma.